Okami kwenye Wii: brashi inaporuka, mbwa asipouma na diski inapogoma

Jioni moja Chikongola, Mtwara, kijana ananikabidhi rimoti ya Wii, mashine ya gemu ya Nintendo, kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha samaki aliyeharibika kwa muuzaji. “Njomba, hii imekufa. Brashi inaruka yenyewe.” Nikakaa kwenye kochi lake, nikaishika, na kweli: brashi ya mchezo wa Okami kwenye skrini inakimbilia kushoto, inarudi, inakimbia tena. Nikatazama inakokimbilia. Nyuma ya tivii kulikuwa na dirisha wazi, na nje ya dirisha mama muuza pweza alikuwa akipepea jiko lake la mkaa kwa kifuniko cha ndoo. Kila akipepea mkaa unakolea, na brashi inaruka. Nikavuta pazia. Brashi ikatulia tuli. Kijana alikuwa ameshalipia rimoti nyingine.

Malalamiko ya Okami yanayonifikia, kuanzia Magomeni hadi Mikindani, ni yale yale. Mengi si ubovu wa kifaa: ni chumba, ni betri, au ni mkono wa mchezaji. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, pita hapa.

Kwa asiyeujua: Okami ilitoka mwaka 2006 kwenye PlayStation 2, kazi ya Clover Studio chini ya Capcom. Mwaka 2008 ikatolewa upya kwenye Wii, safari hii ikihamishwa na Ready at Dawn. Wewe ni Amaterasu, mungu jua wa Wajapani katika umbo la mbwa mwitu mweupe, na silaha yako kuu ni brashi. Unasimamisha dunia, unachora, na ulichochora kinatokea. Kwenye PlayStation 2 ulichora kwa kijiti cha pedi. Kwenye Wii unachora hewani kwa mkono, na kumpiga adui ni kuchapa hewa kwa rimoti. Hapo ndipo utamu ulipo, na hapo hapo ndipo kero zote zinapoanzia. (Matoleo ya baadaye, la PlayStation 3 mwaka 2012 na la Switch mwaka 2018, yana vifaa vyao tofauti; hapa nazungumzia Wii tu.)

Jambo moja la kuelewa kwanza

Rimoti ina kazi tatu zinazofanywa na vitu vitatu. Brashi inatumia kamera ndogo iliyo puani mwa rimoti, nyuma ya kile kioo cheusi. Kuchapa kunatumia kipimo cha mwendo kilichomo ndani. Vitufe na mawasiliano yote yanapita kwa Bluetooth.

Na ule mstari mwembamba mweusi unaokaa juu au chini ya tivii, tunaouita sensa (si ile ya watu na makazi), hausomi chochote. Ni taa tu. Una mafungu mawili ya taa za infraredi, moja kila upande, zenye mwanga usioonekana kwa jicho. Kamera ya rimoti ndiyo inayoziangalia hizo taa na kukadiria mkono wako uko wapi.

Basi pima hivi: kama brashi ina wazimu lakini mbwa anauma vizuri, tatizo ni mwanga. Kama brashi iko sawa lakini mbwa haumi, tatizo ni mkono. Kama vyote vimekufa, anza na betri.

Brashi inaruka, inatetemeka au inapotea

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni mwanga mwingine kuingia machoni mwa rimoti. Jua ndilo la kwanza. Nyumba nyingi za huku zina madirisha makubwa ya kupitisha upepo wa bahari, na ukiweka tivii mbele ya dirisha la mashariki, asubuhi huchezi kitu. Baada ya jua ni moto: jiko la mkaa, kibatari, mshumaa, na zile balbu za zamani zinazochoma ukizigusa. Chochote kinachowaka kwa joto kinatoa infraredi, na rimoti haijui kama ile ni sensa au ni pweza wa mama jirani. Taa za LED za siku hizi hazina neno.

Usibahatishe, Wii yenyewe itakuonyesha. Fungua “Wii Settings”, nenda “Sensor Bar”, halafu “Sensitivity”. Elekeza rimoti kwenye tivii. Skrini itaonyesha vidoti vyeupe, kile ambacho kamera inakiona. Vinatakiwa viwe viwili. Ukiona vitatu au vinne, una mgeni chumbani: funga pazia, zima taa, hamisha jiko, moja baada ya jingine, huku ukitazama kidoti kipi kimeondoka. Ukiona kimoja tu au hakuna, endelea mbele. Hapo hapo unaweza kupandisha au kushusha usikivu kwa vitufe vya kujumlisha na kutoa, mpaka vibaki viwili.

Chanzo cha pili ni vioo. Kabati la vyombo la sebuleni, lile lenye milango ya vioo na vikombe vya harusi visivyoguswa, linarudisha taa za sensa na kumletea rimoti sensa ya pili. Meza ya kioo ni hivyo hivyo, na hata marumaru iliyosuguliwa ikang'aa. Tandika khanga juu ya hicho kioo ujaribu tena. Usicheke, inafanya kazi.

Cha tatu ni umbali. Kaa kati ya mita moja na mita tatu kutoka kwenye tivii. Ukiwa karibu mno, kamera haiwezi kuziona taa zote mbili kwa pamoja. Ukiwa mbali mno, zinaungana kuwa kama moja. Hakikisha pia umeiambia Wii sensa iko juu au iko chini ya tivii, maana mpangilio huo ukikosea, brashi inakaa juu au chini ya pale mkono wako unapoonyesha.

Cha mwisho ni sensa yenyewe kufa. Washa Wii, fungua kamera ya simu, ya mbele hasa, na uilenge sensa. Kwenye skrini ya simu utaona taa zinawaka kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Zikiwaka upande mmoja tu, au zisiwake kabisa, kagua waya wake hadi nyuma ya Wii, kwenye tundu jekundu. Panya wanaupenda ule waya kuliko waya wowote ndani ya nyumba, labda kwa sababu ni mwembamba.

Watu wanauliza kama ni kweli mishumaa miwili inaweza kukaa mahali pa sensa. Ni kweli, ukiitenga kama sentimita ishirini. Lakini fanya hivyo kupima tu, dakika mbili, mtu mzima akiwepo, pazia likiwa mbali. Usiiache ikiwaka mbele ya tivii ya plastiki huku watoto wanarusha mikono.

“Nachapa mpaka bega linauma, mbwa anauma mara moja tu”

Hili ndilo linalovunja watu moyo, na rimoti haina kosa lolote.

Mtoto akipewa rimoti anaitikisa kama anachekecha unga. Mchezo huu hautaki hivyo. Unataka pigo moja lililokamilika, ungoje mbwa amalize kuuma, kisha pigo la pili. Mapigo unayotupa katikati yanamezwa tu, na unaona kama rimoti haisikii.

Bibi yangu alikuwa akibangua korosho uani Mikindani. Korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, kirungu kidogo mkononi. Pigo moja, korosho moja, mkono unatulia, vidole vinaweka nyingine. Sisi wajukuu tulipiga ovyo tukaziponda, na korosho iliyovunjika haina bei. Chapa kwa mdundo ule ule wa bibi. Ukitulia, utaona pigo la kwanza, la pili na la tatu yanaungana yenyewe.

Mdundo unabadilika kulingana na silaha uliyomvika mbwa. Kioo cha mgongoni kina mwendo wa kati, shanga ni za haraka, upanga ndio mzito na unataka subira zaidi. Kama mikono yako ina pupa, anza na shanga.

Tumia kiwiko na kifundo cha mkono, si bega. Na vaa ile kamba ya mkononi. Nimeshaona tivii ya inchi thelathini na mbili ikiingiwa na rimoti katikati ya kioo, na fundi hana dawa ya kioo kilichopasuka zaidi ya kukuuzia tivii nyingine.

Brashi inatii, ila mchoro haukubaliki

Hapa kagua mchoro wako kabla ya kukagua kifaa.

Mstari wa kukata ukitoka umepinda kama barabara ya zamani ya Kibiti, tumia kitufe cha Z kwenye Nunchuk, ile ya mkono wa kushoto yenye kijiti. Kinakunyooshea mstari. Wengi wanamaliza nusu ya mchezo bila kujua kipo.

Duara lina maana nyingi, na mchezo unasoma limechorwa wapi. Duara angani usiku huleta jua. Duara kuzunguka mti uliokauka huufanya uchanue. Duara lenye mkia ni bomu. Kwa hiyo ukitaka mti uchanue ukapata bomu, ulichelewa kuachia kitufe na duara likaota mkia. Ukitaka jua na lisitoke, huenda duara lako limegusa mlima au paa. Geuza kamera kwanza uone anga tupu, kisha chora.

Mkono ukitetemeka, weka kiwiko juu ya goti au mto. Chora duara kubwa na la taratibu. Dunia imesimama, hakuna anayekufukuza.

Halafu kuna wino. Vile vidumu vya wino kwenye skrini vikiisha vyote, Amaterasu anapoteza nguvu zake na kubaki mbwa mweupe wa kawaida, na brashi inagoma. Si hitilafu. Kimbia, zunguka, ngoja wino ujae.

Rimoti inazima ukichapa, au haiungi kabisa

Anza na betri. Rimoti inatumia mbili za AA, zile za saa ya ukutani. Betri za bei ya chini zinazoendesha saa miezi sita zinaweza kuiangusha rimoti baada ya siku chache, kwa sababu rimoti inakula zaidi. Tafuta zilizoandikwa “alkaline”, na usichanganye mpya na ya zamani.

Na tafadhali, usianike betri juani wala usiing'ate. Najua redio ya babu iliamka kwa njia hiyo. Inaamka kwa saa moja, kisha betri inavuja ndani ya rimoti, na hapo umegeuza tatizo la betri kuwa tatizo la rimoti.

Kama betri ni mpya na rimoti inazima pale tu unapochapa kwa nguvu, fungua kifuniko uangalie springi. Hewa yetu ina chumvi, na kuanzia Juni mikorosho inapopuliziwa salfa, vumbi lake linaingia kila mahali na kuchafua shaba. Utaona springi zina ukoga wa kijani au weusi. Toa betri, sugua ncha kwa raba ya penseli hadi ing'ae, pangusa, vuta springi kidogo ibane. Ukikuta unga mweupe, betri imevuja: usiushike kwa mkono mtupu. Lowesha pamba ya masikio kwa siki kidogo, futa, kausha kabisa siku nzima kivulini. Springi ikiwa imekatika au ukoga umeingia ndani kwenye bodi, acha. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chuma cha kuchomelea risasi, tena chembamba.

Taa nne zikipepesa bila kutulia, rimoti imepoteza mawasiliano na Wii. Bonyeza kitufe chekundu kidogo kilicho chini ya kifuniko cha betri, kisha kitufe chekundu kilicho mbele ya Wii ndani ya kimlango cha kadi ya SD. Ngoja taa moja itulie. Bonyeza na uachie. Ukiking'ang'ania cha kwenye Wii kwa sekunde kumi na tano, unafuta rimoti zote zilizokuwa zimeungwa.

Mbwa anatembea mwenyewe

Chomoa Nunchuk. Achia kijiti kabisa. Chomeka tena bila kukigusa. Ukichomeka huku kidole kimekisukuma, Wii inadhani pale ndipo katikati, na mbwa anatembea upande mmoja maisha yake yote. Hilo linatibu wengi. Wakibaki wachache, kijiti kimechakaa au kina mchanga. Jaribu Nunchuk ya jirani kabla ya kununua.

Diski haisomi

Futa diski kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda pembeni, si kwa kuzungusha. Jaribu diski nyingine. Nyingine ikisoma, tatizo ni diski yako.

Diski yako isiposoma na haina mkwaruzo, uliza ilitoka wapi. Wii imefungwa kwa kanda: ya Japani inasoma diski za Japani, ya Marekani za Marekani, ya Ulaya za Ulaya. Mashine za mtumba zinakuja huku kutoka kote, na muuzaji hakwambii. Linganisha kabla ya kulipa, usilinganishe baada.

Kichekesho kimoja: ukiona kasha la toleo la Marekani lina alama ya IGN, tovuti ya habari za gemu, karibu na mdomo wa mbwa, si feki. Picha ya jalada ilichapishwa na alama ya tovuti kwa bahati mbaya, na Capcom ikalazimika kuwatumia wateja majalada mapya.

Diski zote zikikataa, au mashine inakwaruza na kugonga, toa plagi na usimame hapo. Skrubu za Wii nyingi zina kichwa chenye ncha tatu, bisibisi ya kawaida inazila, na ndani kuna miale ya leza isiyofaa kutazamwa. Mpelekee fundi aliyewahi kufungua mashine za gemu, si fundi redio tu.

Wii haiwaki kabisa

Gesi ya Mnazi Bay iko hapo jirani, lakini umeme wetu bado unapanda na kushuka kama mawimbi ya kusi. Adapta ya Wii ina kinga ndani: umeme ukiruka, inajifunga. Ichomoe ukutani na kwenye mashine, iache angalau dakika mbili, mimi huiacha kumi, kisha chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye friji. Taa nyekundu ikitokea, umepona.

Isipotokea, geuza adapta usome palipoandikwa “INPUT”. Ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Soketi zetu zinatoa 230. Adapta ya Japani ukiichomeka kwa kibadili plagi tu, inaungua, wakati mwingine kwa moshi. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, au adapta ya Ulaya yenye kutoa volti 12 na ampea 3.7 na plagi ile ile ya nyuma.

Ukisikia harufu ya kuungua, ukaona adapta imevimba au inachoma mkono: zima swichi ya ukutani kabla ya kugusa waya, na usiichomeke tena hata kwa kujaribu. Adapta haifunguliwi nyumbani, maana inabaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.

Brashi inafuata mkono kwa kuchelewa

Tivii nyingi mpya hazina matundu ya rangi tatu, kwa hiyo watu wanatumia kikopo cha kugeuza AV kuwa HDMI. Vikopo vingine vinachelewesha picha. Kwanza washa hali ya michezo kwenye tivii, iliyoandikwa “Game”, na mara nyingi inatosha. Isipotosha, badilisha kikopo, au fufua ile tivii ya chogo iliyoko stoo. Kwa Okami hakuna inayoishinda.

“Nimemaliza mchezo, diski ikaruka mwishoni”

Wanaonifuata na hili huwa wamefika mbali, kwa hiyo nawapa kiti kwanza. Wanasema baada ya pambano la mwisho na simulizi ya mwisho, majina ya waundaji hayakupita. Mchezo uliwarudisha tu. Wameshaifuta diski mara tano. Diski haijaruka. Toleo la Wii lilitolewa bila yale majina yaliyokuwemo kwenye PlayStation 2, kwa hiyo hata diski mpya kabisa kutoka kwenye kasha itakufanyia hivyo hivyo.